Kisu cha Mfukoni: Tukichagueje, Tukitunzeje?



Jioni moja mwanakisomo mwenzetu aliingia darasani amechelewa. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa. Alikaa kwenye benchi, akafungua daftari, akashika kalamu kwa mkono wa kushoto. Herufi zikakataa. Akasema, "Mwalimu, leo nitasikiliza tu."

Baada ya somo tulimwuliza, kulikoni? Akatueleza. Alikuwa anatoboa dumu la plastiki alifanye chombo cha kumwagilia mchicha. Alitumia kisu cha kukunja alichokuwa amekinunua mnadani juma lile lile. Ncha ikaingia kwenye plastiki, ikakwama. Akasukuma kwa nguvu. Mara kisu kikajikunja, makali yakamwangukia kidole cha shahada.

Kidonda kilipona. Lakini kano ilikuwa imekatika, yaani ule uzi mgumu ulio ndani ya kidole, unaokivuta kikunjike. Naye alikaa siku nyingi kabla ya kwenda zahanati. Mpaka leo kidole kile kimenyooka kama kijiti.

"Lakini kilikuwa kisu kizuri!" alituambia. "Kinang'aa. Kina kijiko, kina uma, kina mkasi, kina cha kufungulia chupa. Sasa kisu kizuri ni kipi?"

Swali lake ndilo somo letu la leo. Wengi wetu tunatembea na kisu mfukoni au kwenye kikapu kila siku. Tunakinunua kwa dakika mbili, tena kwa macho tu. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Basi tujifunze kukichagua kwa akili.

ANZA NA KAZI, SI NA KISU

Watu wengi huanza kwa kuuliza, "Kisu gani ni bora?" Swali hilo halina jibu. Swali la kwanza ni hili: "Mimi ninakata nini?"

Hapa kisomo chako kitakusaidia. Chukua daftari na kalamu. Kwa siku saba, kila jioni, andika kila kazi uliyofanya kwa kisu siku hiyo. Usiandike kazi unazodhani utafanya. Andika ulizofanya kweli. Kwa mfano:

Jumatatu: Nimekata kamba ya mbuzi. Nimemenya machungwa mawili.
Jumanne: Nimefungua mfuko wa mbolea. Nimechonga kijiti cha kufungia mlango wa banda.
Jumatano: Nimekata mkungu mdogo wa ndizi. Nimechonga penseli ya mtoto.

Endelea hivyo hadi Jumapili. Kisha hesabu. Kamba mara ngapi? Matunda mara ngapi? Kuchonga miti mara ngapi? Kijiko umekitafuta mara ngapi? Mkasi je?

Tulipofanya zoezi hili darasani, kila mtu alijishangaa. Waliodhani wanahitaji kisu chenye vyombo kumi waliona kwamba karibu kazi zao zote zilifanywa na bapa moja tu. Fundi baiskeli peke yake ndiye aliyehitaji bisibisi, tena kila siku.

VISU VITATU VILIVYOTOKANA NA KAZI

Tuangalie visu vitatu vinavyojulikana katika nchi nyingi. Kila kimoja kilitengenezwa kwa ajili ya mtu fulani na haja yake.

Cha kwanza ni kisu cha askari wa Uswisi. Fundi aliyeitwa Karl Elsener alifungua karakana yake huko mwaka 1884. Mwaka 1891 alianza kulipatia jeshi la nchi yake visu vya kukunja. Kisu kile cha askari kilikuwa na bapa, kitu cha kutobolea, kitu cha kufungulia makopo na bisibisi. Kwa nini vitu hivyo? Kwa sababu askari alikula chakula cha makopo, na bunduki yake ilihitaji bisibisi ili ifunguliwe na kusafishwa. Kila chombo kilikuwa na sababu yake.

Cha pili kinatoka Ufaransa, katika milima ya Savoie. Joseph Opinel alianza kukitengeneza mwaka 1890. Ni bapa moja na mpini wa mti, basi. Wakulima na wafanyakazi walikipenda kwa sababu kilikuwa chepesi, hakikuwa na mambo mengi, na kilinoleka. Mwaka 1955 kiliongezwa pete ya chuma penye ungio. Ukiizungusha pete hiyo, bapa haliwezi kujikunja.

Cha tatu kina jina la mnyama wa Afrika. Ni Okapi, jina la mnyama anayeishi katika misitu ya Kongo. Kisu hiki kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902, kiuzwe katika makoloni ya Wajerumani barani Afrika. Tanganyika ilikuwa sehemu ya makoloni hayo. Miaka ya 1980 Wajerumani waliacha kukitengeneza, na kazi hiyo ikahamia Afrika Kusini. Mgongoni kina springi yenye pete ndogo. Ukifungua bapa linalia ta-ta-ta, kisha linashikwa. Halirudi mpaka uvute ile pete.

Hatukutaji visu hivi ili uvitafute hivyo hivyo. Tunavitaja ili uone jambo moja: waliovitengeneza walijua kisu kinakwenda kwa nani na kufanya nini. Wewe pia anza na orodha yako.

SEHEMU ZA KISU

Kabla ya kwenda sokoni tujue majina ya sehemu za kisu cha kukunja.

Bapa ni kile kipande cha chuma kinachokata. Upande mkali ndio makali. Upande mnene usiokata ni mgongo. Mbele ni ncha. Mpini ndipo tunaposhika. Pale bapa linapokutana na mpini ni ungio. Ndani ya mpini, upande wa mgongo, mara nyingi kuna springi. Visu vingine vina kizuizi, yaani kitu cha kulishika bapa lisijikunje. Kizuizi kinaweza kuwa pete, kichuma cha kubonyeza au meno ya springi.

KWA NINI KISU HUJIKUNJA?

Hapa ndipo penye kidole cha mwenzetu. Tusome polepole.

Unapokata kamba, unakandamiza makali juu ya kamba. Nguvu inalisukuma bapa liendelee kufunguka. Kwa hiyo haliwezi kujikunja.

Unapotoboa kitu, mambo ni mengine. Ncha inakwama, wewe unasukuma. Mkono ukipinda kidogo tu, nguvu inahamia upande wa mgongo, nayo inalirudisha bapa kwenye mpini. Katikati ya bapa na mpini pana nini? Pana vidole vyako.

Vilevile bapa likikwama kwenye mti ukalivuta huku ukilitikisa, linaweza kujikunja.

Springi peke yake si kizuizi. Springi hulizuia bapa lisifunguke ovyo mfukoni, na hulishikilia kidogo likiwa wazi. Lakini nguvu ya mkono wa mtu mzima inaishinda.

Basi kanuni ni hii. Kama kazi yako ni kukata matunda na kamba tu, kisu chenye springi kinatosha, ukiwa mwangalifu. Kama unachonga miti au unafanya kazi za nguvu, tafuta kisu chenye kizuizi. Na kutoboa? Kutoboa ni kazi ya msumari, patasi au kisu kisichokunjwa. Hata kizuizi kizuri huweza kushindwa.

CHUMA GANI?

Bapa hutengenezwa kwa chuma cha pua. Kipo cha aina mbili kubwa.

Aina ya kwanza ni chuma cha pua cha kawaida. Hunoleka kwa urahisi, na makali yake huwa mazuri. Lakini hushika kutu. Ukikatia ndimu au embe bichi ukakiacha hivyo hivyo, asubuhi utakikuta kimebadilika rangi. Weusi mwembamba usiobanduka si hatari. Hatari ni ile kutu nyekundu inayokula chuma.

Aina ya pili ni chuma kilichochanganywa na madini ya kromiamu. Hakishiki kutu upesi. Kinawafaa watu wa pwani na ziwani, wavuvi, na wanaokata matunda kila siku. Vingine vya aina hii ni vigumu zaidi kunoa.

Utaijuaje aina? Soma! Angalia bapa karibu na ungio. Ukikuta neno INOX au STAINLESS, maana yake ni kwamba ni chuma kisichoshika kutu upesi. Lakini tahadhari: mtu yeyote mwenye mhuri anaweza kugonga neno. Kwa hiyo tusome, kisha tujaribu.

MAJARIBIO SITA SOKONI

Unapokwenda mnadani chukua kipande cha kamba ya katani na karatasi moja. Mwombe muuzaji kwa adabu, "Ndugu, naomba nikijaribu." Muuzaji wa kweli hatakukatalia.

1. Kifungue na kukifunga mara tano. Kifunguke kwa mkono mmoja kushika mpini na mwingine kuvuta bapa, bila kuvunja kucha. Kikiwa kilegevu mno, kitafunguka mfukoni.

2. Kikiwa wazi, shika bapa kwa upande wa mgongo ulitikise kushoto na kulia. Likicheza kama jino bovu, kirudishe.

3. Kikunje. Makali yote yaingie ndani ya mpini. Ncha isichungulie.

4. Kama kina kizuizi, kijaribu. Fungua kisu, funga kizuizi, kisha weka mgongo wa bapa juu ya meza na ukandamize taratibu. Shika mpini kwa pembeni, vidole vikae mbali na njia ya makali. Kikijikunja, kizuizi hicho ni pambo tu.

5. Kishike kama unavyokishika kazini. Mpini ujae kiganjani. Fikiria mkono wenye jasho au wenye mafuta ya samaki. Je, utateleza?

6. Kata kamba, kisha kata karatasi. Kikitafuna badala ya kukata, uliza kama unaweza kukinoa, na ufikirie bei upya.

Urefu je? Kwa kazi za kila siku, bapa la sentimita 7 hadi 9 linatosha. Refu zaidi linasumbua mfukoni. Fupi zaidi halimalizi nanasi.

RAHISI NA GHALI: TUPIGE HESABU

Mtu atasema, "Mimi sina fedha ya kisu cha ghali." Haya, tupige hesabu. Bei hizi ni za mfano tu.

Kisu cha kwanza ni shilingi 3,000. Kinavunjika baada ya miezi 4. Gawanya 3,000 kwa 4. Umelipa shilingi 750 kila mwezi.

Kisu cha pili ni shilingi 15,000. Kinakaa miaka 5, yaani miezi 60. Gawanya 15,000 kwa 60. Umelipa shilingi 250 kila mwezi.

Kipi ni cha ghali? Hesabu imejibu. Lakini tusidanganyane. Si kila kisu cha bei kubwa kinakaa miaka mitano. Wakati mwingine unalipia kijiko, uma na kung'aa. Kisu chenye bapa moja lililofanywa vizuri mara nyingi ni nafuu kuliko chenye vyombo kumi vya namna hiyo hiyo.

KUNOA

Kisu butu ni hatari. Kwa nini? Kwa sababu unatumia nguvu nyingi, na nguvu ikiteleza haijui inakokwenda.

Tumia kinoo, yaani jiwe la kunolea, lililolowa maji. Bapa lilazwe karibu na jiwe, mgongo umeinuliwa kidogo. Kiasi gani? Chukua karatasi ya daftari. Kona yake ina nyuzi 90. Kunja kona hiyo katikati, utapata nyuzi 45. Kunja tena, utapata nyuzi 22 na nusu. Simamisha kona hiyo nyembamba juu ya jiwe, uinamishe bapa lifuate ukingo wake. Hicho ndicho kipimo kinachofaa.

Sasa sukuma bapa mbele, kama unayetaka kubandua ganda jembamba la jiwe. Anzia penye ungio, malizia kwenye ncha. Fanya mara kumi upande mmoja, kisha mara kumi upande wa pili. Papasa polepole kutoka mgongoni kuelekea kwenye makali, usipitishe kidole kwa urefu wa makali. Ukisikia kijiukingo kinachokwaruza upande wa pili, ujue chuma kimefika. Maliza kwa kupitisha kila upande kwa wepesi mara chache. Jaribu kwenye karatasi, si kwenye kidole. Ukitumia gazeti hili, tafadhali limalize kwanza kulisoma.

Usikinoe kwa mashine inayotoa cheche mpaka bapa likawa la buluu. Usikitie motoni pia. Moto huondoa ugumu wa chuma, na baada ya hapo makali hayakai.

KUKITUNZA NA KUJITUNZA

Baada ya kazi kioshe, kikaushe, ndipo ukikunje. Usikiloweke, hasa chenye mpini wa mti. Mti hunywa maji ukavimba, bapa likakwama. Weka tone moja la mafuta ya cherehani kwenye ungio. Bapa lipake mafuta ya kula kidogo tu, maana ndilo linalogusa chakula.

Kisu ulichofungulia pakiti ya dawa ya wadudu usimenyee embe. Kama unashughulika na dawa hizo, tenga kisu chake.

Kata kuelekea mbali na mwili wako. Usikate kitu ulichokishika kiganjani. Ukimpa mwenzako kisu, kikunje kwanza. Usikitumie kama nyundo wala mtaimbo.

Kisu chako kisitumike kamwe kukata kitovu cha mtoto mchanga. Vijidudu vya pepopunda hukaa kwenye udongo na mavi ya wanyama, na kisu cha shamba kimepita kote huko. Mama mjamzito akajifungulie kwenye kituo cha afya au hospitali.

Ukienda kwenye mkutano, mahakamani au kilabuni, acha kisu nyumbani. Kisu chetu ni chombo cha kazi. Kikitolewa kwenye ugomvi kinakuwa kitu kingine, na sheria haitauliza ulikinunua kwa kazi gani. Nyumbani, kiwekwe mahali ambapo mtoto hafiki. Methali ya mtoto kupewa wembe ni methali tu, msiifuate.

UKIJIKATA

Kandamiza kidonda kwa kitambaa safi, uinue mkono. Damu ikipungua, osha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni. Usiweke udongo, majivu wala mavi ya ng'ombe.

Nenda zahanati siku ile ile kama damu haikomi, kama kidonda ni kirefu au kina uchafu, kama kidole hakikunjiki au hakinyooki, au kama ncha ya kidole imekufa ganzi. Usingoje kesho. Kano iliyokatika inaweza kushonwa, lakini ikichelewa kazi inakuwa ngumu. Uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda.

KWA KUMALIZA

Mwenzetu alirudi darasani. Alijifunza kushika kalamu upya, katikati ya kidole gumba na cha kati. Naye aliandika orodha yake ya siku saba kama wengine. Mwandiko ulikuwa umeinama, lakini ulisomeka. Kijiko: hakuna. Uma: hakuna. Mkasi: mara moja. Kamba, matunda na vijiti: mistari ilijaa hadi ukurasa wa pili.

Safari iliyofuata mnadani tulikwenda naye. Alijaribu visu vinne. Vitatu alivirudisha, na muuzaji akaanza kununa. Cha nne kilikuwa na bapa moja, mpini wa mti na pete ya kuzuia. Hakikung'aa. Alikandamiza mgongo mezani, kikakaa. Akakata kamba, ikakatika. Akalipa.

Sasa dumu lake la kumwagilia analitoboa kwa msumari.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Kwa nini kisu kinaweza kujikunja wakati wa kutoboa, lakini si wakati wa kukata kamba?
2. Springi na kizuizi vina tofauti gani?
3. Kisu kinauzwa shilingi 8,000 na kinakaa miezi 20. Kingine kinauzwa shilingi 4,500 na kinakaa miezi 9. Kipi ni nafuu kwa mwezi?
4. Taja dalili mbili za kidonda cha kisu zinazotaka uende zahanati siku ile ile.

ZOEZI: Andika orodha yako ya siku saba. Ilete darasani, mwisomee pamoja. Kisha kila mmoja aeleze kwa sentensi tatu kisu kinachomfaa, na kwa nini.